Kitambaa Shingoni mwa Balozi

Mwaka ule sabuni ilipoadimika Dar es Salaam, watu walirudia kufulia majani ya mpapai, na aliyeumia kuliko wote alikuwa Shaibu, dobi wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mtu wa kawaida akikosa sabuni huvaa shati siku ya tatu na kulisingizia jua. Dobi akikosa sabuni hubaki na pasi ya mkaa, meza na hadithi. Hadithi Shaibu alikuwa nazo tele. Alitoka Liwale na miaka kumi na sita, nusu ya njia kwa miguu. Akabeba magunia, akasukuma mkokoteni wa maji, akafukuzwa mara mbili na mapenzi na mara moja na mbwa wa Upanga, ndipo akashika pasi. Lakini hadithi haitoi doa la mchuzi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba hoteli moja ya shirika la umma kule upande wa baharini inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, hakulala usingizi akauisha. Pale sabuni iliingia kwa katoni. Mambo mawili tu yalisimama katikati yake na zile katoni. La kwanza, msimamizi hupigiwa simu na wageni kutoka vyumbani, na wageni wale hawakujua Kiswahili. Usaili ungekuwa wa Kiingereza, Jumatatu saa tatu asubuhi. La pili, barua ya balozi wa nyumba kumi, yenye kuthibitisha kuwa mwombaji ni mkazi anayefahamika na mwenye adabu. Asiye na barua asijisumbue kuja.

La barua halikumtisha. Balozi wake, Mzee Sadalla, alikuwa mteja wake wa miaka sita. Lililomtisha ni Kiingereza.

Si kwamba hakujua maneno. Alikuwa nayo mengi, aliyaokota kama mtu anayeokota vifungo njiani. Aliyemfundisha namna ya kuyaunganisha alikuwa Mwalimu Scholastika wa Magomeni, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Walipatana hivi: yeye anafundisha, Shaibu anamfulia. Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa Mngoni na Shaibu Mngindo, watani wa tangu enzi za babu zao kuchomeana vijiji, somo halikuwa na adabu hata kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mateka wangu. Haya, tuseme mtumishi ameingia chumbani, kakuta kitanda kimevurugika. Anafanya nini?"

"He does the bed."

"Makes."

"Kitanda alikitengeneza seremala, Mwalimu. Mtumishi kakikuta kimesimama."

"Makes the bed. Sema. Na vyombo vichafu?"

"Makes the dishes."

"Does."

Shaibu akaisimamisha pasi kwenye kisahani chake. "Kitanda na vyombo vinakaa nyumba moja. Nani aliyevitenganisha?"

"Ndivyo wanavyosema wenyewe."

"Lazima iko sababu."

"Nyinyi Wangindo, babu zetu waliwakuta msituni mnaiuliza miti sababu. Hakuna sababu. Kelele, make. Kazi ya nyumbani, do. Kosa, make. Biashara, do. Kuoga, take. Picha, take. Kiti, take."

"Na nyinyi Wangoni mlitoka huko kusini mkatembea bila kuuliza njia, ndiyo maana mlifika Songea mkadhani ni Misri." Akafikiri kidogo. "Kuoga nako wanachukua? Wanakuchukua wanakupeleka wapi?"

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akamwongezea balaa jingine, la vineno vidogo. Look, akasema, ni kutazama. Lakini ukimwekea for, anatafuta. Ukimwekea after, anatunza. Ukimwekea at, anakazia macho. Yeye ni yuleyule, kilichobadilika ni hako kadogo nyuma yake.

Hilo Shaibu alilielewa papo hapo. "Ni kifungo," akasema. "Shati lilelile, ukilitia vifungo vya shaba ni la askari, ukilitia vya lulu ni la bwana harusi."

"Afadhali," akasema Mwalimu, akachukua furushi lake. "Mateka amepata akili."

Alipoondoka, Shaibu alibaki akilitazama rundo la nguo zisizopigwa pasi. Vifungo sawa, lakini hili la make na do na take lilimkaa kooni kama mwiba wa changu. Akavuta shati jeupe. Akavuta la pili, jeupe. La tatu, jeupe. Mtu mwingine angeapa ni mapacha. Shaibu akapindua upindo: nyuzi mbili nyekundu, la Severa, muuguzi. Uzi mmoja wa buluu, la Ramadhan, fundi magari. Tone jeusi la utomvu wa ganda la korosho, ule usiotoka hata ukichemsha, la Mzee Sadalla. Ndiyo alama ya dobi. Miaka kumi na minne katika kazi ile, hajawahi hata siku moja kuliuliza shati jeupe kwa nini ni la Ramadhan. Ni la Ramadhan kwa sababu Ramadhan ndiye aliyelileta.

Akaketi juu ya ndoo.

"Kuruthumu," akamwita mkewe aliyekuwa uani. "Haya maneno hayana sababu. Yana wenyewe."

Kuruthumu akachungulia, ungo mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache yalikuwa na pilipili. "Umekula?" akauliza.

Siku ile ile akaanza. Alichana vitambaa vya amerikani upana wa kidole, akaandika kwa utomvu wa korosho, akayagawia maneno wenyewe. Make akampa Severa: foronya zake zikawa make a bed, gauni la kazi make a mistake, aproni make a noise. Do akampa Ramadhan, kwa kuwa ovaroli zake zenyewe zilikuwa kazi tupu. Take, mwenye maneno mengi kuliko wote, akampa Mzee Sadalla, mwenye nguo nyingi kuliko wote. Kila kitambaa alikishikiza ndani ya nguo kwa mshono mmoja tu, ili siku ya kurudisha akate uzi na kukitoa. Akipiga pasi suruali ya kaki ya balozi, mdomo unasema take a seat. Akikunja shati lake la kijani la mikutano, take part. Mkono ukishika, ulimi unajibu. Siku ya tatu alianza kuyasema kabla hajasoma.

Neno moja tu lilikosa mwenyewe: have. Mwalimu alilisisitiza sana, kwamba hilo ni la watu walio nacho.

"Nimpe nani?" akamwuliza mkewe.

Kuruthumu akatazama mtaa wote, kuanzia duka la ushirika lenye rafu tupu hadi kona ya muuza mkaa asiye na mkaa. "Nitajie wewe," akasema. "Mtu mmoja tu mtaa huu aliye nacho."

Have likabaki limening'inia kwenye msumari, peke yake.

"Na hivyo vitambaa," akaongeza Kuruthumu, "ukisahau kimoja ndani ya nguo ya mtu, nisikujue."

"Nitasahau vipi? Mimi ni dobi."

Ijumaa, saa tano, sauti ikapita mtaani kwamba sabuni imefika duka la ushirika. Shaibu hakumalizia hata kuivaa kandambili ya pili. Alisimama foleni saa mbili na nusu, nyuma ya mwanamke aliyekuwa amewapangia foleni matofali manne kwa niaba ya shoga zake, na alipofika dirishani aliambiwa si sabuni, ni nyembe. Akachukua nyembe. Mwaka ule hukuondoka foleni mikono mitupu. Ungechukua hata kwato.

Aliporudi, meza ilikuwa nyepesi upande mmoja.

"Furushi la Mzee Sadalla liko wapi?"

"Kaja mwenyewe," akasema Kuruthumu. "Alitaka kanzu ya Ijumaa. Nikampa furushi zima."

Shaibu alihesabu kichwani: suruali, shati, koti, kofia, kanzu ya kijivujivu, na kanzu ya Ijumaa. Hiyo ya mwisho kitambaa chake alikishikiza shingoni, kwa wino usiotoka. Akakumbuka alichoiandikia. Akaketi tena juu ya ndoo.

"Ulivikata vile vitambaa?" akauliza Kuruthumu, na alipoona uso wa mumewe hakungoja jibu. "Mimi sikujui."

Hakukaa sana akaitwa. Mzee Sadalla alikuwa barazani kwake, amevaa msuli na fulana, kanzu imekunjwa mapajani kama mtoto mgonjwa. Kando yake alisimama Hamis, karani wa bandari, kijana mwenye Kiingereza cha kutosha kusoma makaratasi ya meli, akijitahidi kutazama kwingine. Majirani watatu walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana shughuli karibu na baraza lile.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Sadalla aliichelewesha marahaba mpaka ikawa baridi. "Marahaba. Shaibu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee."

"Miaka sita nakuletea nguo. Ukiona mwili wangu una harufu, mlango wangu huu hapa. Ungeingia, ungeniambia faragha, mtu na baba yake. Hukuwa na haja ya kunishonea shingoni ukanipeleka msikitini."

Ikajulikana kilichotokea. Kila alipoinama, kile kitambaa kiliruka shingoni kama ulimi, na Hamis alikuwa safu ya nyuma. Hamis alijizuia kwa heshima ya mahali. Lakini nje, wakitafuta viatu, kicheko kikamponyoka, na mzee akamwamuru atafsiri. Hamis akasoma take a bath, akatafsiri: nenda kaoge.

"Na kesho alfajiri naenda Kisarawe," akasema Mzee Sadalla, "kwa hiyo ile barua uliyoniomba ningeiandika leo. Sasa niambie. Nitaandika kwamba una adabu? Kwa kalamu gani?"

Shaibu alikwishapigwa na dunia kiasi cha kujua kwamba uongo mzuri huchelewa pale ukweli mbaya unapowahi. Akaeleza yote: usaili, Mwalimu wa Magomeni, kitanda na vyombo vilivyotenganishwa bila sababu, alama za dobi, maneno yenye wenyewe. Alieleza vibaya, akarudia, akaruka. Majirani walisogea.

"Kwa hiyo mimi," akasema Mzee Sadalla polepole, "umenipa neno."

"Ndiyo, mzee. Take."

"Hamis. Take ni nini?"

Hamis akakohoa. "Ni... kuchukua, mzee."

Balozi ndiye aliyepokea sukari ya mgao wa nyumba kumi, ndiye aliyekusanya michango ya mwenge, na mwaka ule mtu mwenye kuitwa mchukuaji hakuhitaji kuambiwa mara mbili kinachofuata. Hata Kuruthumu, aliyesema hamjui mumewe, alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, kanga mdomoni.

"Umenipa kuchukua," akasema mzee, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililokuwa baya kuliko kupanda. "Mbele za watu."

"Kwa sababu ya wingi, mzee. Nguo zako ni nyingi kuliko za mteja yeyote, na lile neno ndilo lenye wenzake wengi kuliko lolote. Ningempa Ramadhan yangemwishia. Ana ovaroli mbili na aibu."

Jirani mmoja akacheka puani. Mzee Sadalla hakucheka. Lakini aliitazama kanzu, akamtazama Shaibu, na kitu kama kuwasha kikampita usoni, kile kinachompata mtu akiona fundi akifungua saa.

"Lete furushi," akamwambia mkewe ndani. Kisha akamgeukia Shaibu. "Geukia ukutani. Hamis atasoma. Mimi nitataja nguo, wewe utasema neno lake. Ukikosa moja, nitajua hii hadithi umeitunga ukiwa unavuka barabara, na barua usahau."

Shaibu akageukia ukuta. Ulikuwa ukuta wa chokaa wenye ufa mmoja, na aliutazama ufa ule kama mtu anayesoma.

"Suruali ya kaki."

"Take a seat. Kaa kitini."

Hamis akapindua upindo wa kiuno. "Ndiyo, mzee."

"Shati la kijani."

"Take part. Kushiriki."

"Ndiyo."

"Koti."

"Take off. Hilo ni la kifungo, mzee. Take amepewa off, anavua."

"Ndiyo."

"Kofia ya pili, ile yenye mwezi."

"Take care. Jihadhari, au jitunze."

"Ndiyo," akasema Hamis, na sasa alikuwa akisoma kwa haraka, mbele ya mzee, kama mtu anayeshangilia mpira kimyakimya.

"Kanzu ya kijivujivu."

"Take place. Jambo kutokea."

Jirani mwingine akauliza linatokeaje kwa kuchukua mahali, akanyamazishwa na wote.

"Haya," akasema Mzee Sadalla. "Foronya."

Shaibu alitafuta ukutani. Aliupekua mkono wake wa kulia, ule ulioshika pasi juma zima, akautuma upite juu ya nguo zote za mzee, moja moja. Foronya haikuwemo. Nyumba ya tatu mtu alikuwa akisaga mahindi.

"Foronya," akarudia mzee.

"Hiyo sina neno lake kwako, mzee."

"Basi umekosa."

"Sijakosa. Hiyo si yako. Foronya nilizofua juma hili zote ni make. Make a bed, kutandika kitanda. Na make ni za Severa muuguzi." Bado alikuwa ameukabili ukuta. "Tazama upindo. Kama kuna tone jeusi, nimekosa. Kama kuna nyuzi mbili nyekundu, mke wangu kaifunga kimakosa."

Nyuma ya nguzo Kuruthumu akafyonya.

Hamis akapindua. Alikaa kidogo kabla ya kusema, na Shaibu alizeeka mwaka mzima pale ukutani. "Nyekundu," akasema Hamis. "Mbili. Na kitambaa kimeandikwa make a bed."

Kutoka ndani sauti ya mke wa Mzee Sadalla ikasema, "Si nilikwambia foronya hii siijui?"

"Geuka," akasema mzee.

Shaibu akageuka. Mzee Sadalla alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kinagonga kanzu, lakini si kwa hasira tena. "Wazungu wanachukua kuoga," akasema, kama anayeonja mboga ngeni. "Ajabu. Wanakuchukuaje kuoga?"

"Ndivyo nilivyomwuliza Mwalimu."

"Akasemaje?"

"Akaniita mateka."

Mzee akaguna. Kisha macho yake yakaiangukia pasi ya mkaa iliyokuwa inaonekana ng'ambo ya mtaa, juu ya meza ya Shaibu. "Wewe kazi yako nini?" akauliza ghafla.

"Dobi, mzee. Kufua na kupiga pasi."

"Unaipiga? Imekukosea nini?"

Hamis akasema taratibu, "Tunapiga simu pia." Jirani wa kwanza akaongeza picha. Wa pili akasema kura, wa tatu mswaki, na Kuruthumu kutoka nyuma ya nguzo akasema hodi, na magoti, na chafya, na umbeya, akimtazama jirani wa kwanza. Ikawa kama harambee. Mtu akagundua kwamba kiapo kinaliwa na hakuna aliyekiona kimepikwa. Mwingine kwamba shauri hukatwa, na tamaa hukatwa, na tiketi hukatwa, na panga halionekani. Mzee Sadalla, aliyezaliwa Kariakoo na kuzungumza Kiswahili miaka sitini na mitatu, alikuwa amekaa wima kama aliyeambiwa nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kuingia.

"Nimepiga vitu vyote hivi maisha yangu," akasema, "na sijawahi kuviuliza."

Akaagiza karatasi na muhuri. Aliandika kwa mwandiko wa kulala, akisimama kila mara na kuliangalia neno kama anataka kuliuliza baba yake ni nani. Ndugu Shaibu, aliandika, ni mkazi wangu, anafahamika, ana adabu, na anajua kilicho cha nani. Hilo la mwisho halikuwamo katika barua za kawaida za ubalozi.

Kabla hajampa, akaishika kanzu. "Hiki kitambaa kitoe. Kile cha kofia, take care, ndicho ukishone hapa shingoni. Na usishone kwa mshono mmoja. Shona kwa minne."

Jumatatu saa tatu kasoro robo Shaibu alikuwa kwenye benchi la hoteli, shati lake limetiwa wanga mpaka linasimama lenyewe. Aliitwa. Nyuma ya meza alikaa Ndugu Anselmi, mkuu wa utumishi, mtu mnene mtulivu mwenye miwani. Akaipokea barua, akaisoma, akarudia mstari wa mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kiti na kusema kwa upole:

"Have a seat."

Shaibu hakukaa. Kiti alikijua. Kiti kilikuwa suruali ya kaki ya Mzee Sadalla. Kilikuwa take tangu juma lililopita, kilisomwa hadharani na karani wa bandari. Sasa mtu huyu anakitoa kwa jina la mwingine, tena yule aliyebaki msumarini bila mwenyewe. Alijua kabisa kwamba mtu mwenye akili angekaa. Lakini udadisi ni kama kwikwi, hauombi ruhusa.

Akasema, kwa Kiingereza chake cha kupigwa pasi neno kwa neno, kwamba samahani, yeye anakijua kiti kwa take, na angependa kujua, huyu have amekipataje.

Ndugu Anselmi akavua miwani. "Ni vyote viwili," akasema, naye akahamia Kiswahili bila kujua. "Take a seat, have a seat. Sawasawa tu. Sijawahi kufikiri kwa nini."

"Kumbe wanashirikiana," akasema Shaibu, na uso ukamfunguka. "Iko hivyo kwetu. Wapo ndugu wawili Mtaa wa Sikukuu wenye koti moja. Akioa mmoja, mwingine anakaa nyumbani."

Akakaa.

Ndugu Anselmi alimwuliza, safari hii kwa Kiingereza na bila huruma, afanye nini mgeni akipiga simu anatafuta shati lake. Shaibu akajibu kwamba atalitafuta, kwa for, kwa sababu yeye ndiye anayeyatunza yote, kwa after. Na atalijuaje katika mashati mia meupe? Hapo akaeleza nyuzi na tone la korosho, na Kiingereza chake kilichechemea lakini hakikuanguka. Ndugu Anselmi akaacha kuandika. Alisema mwezi uliopita wageni wanne waliondoka na mashati ya wenzao. Akamwonyesha stoo njiani akimtoa nje, akamwambia aje tarehe mosi.

Alipofika nyumbani Kuruthumu alikuwa anapekecha majani ya mpapai kwenye beseni.

"Umepata?"

Shaibu alikwenda kwenye msumari, akakitoa kile kitambaa kilichobaki peke yake juma zima, akakipangusa vumbi.

"Nimempata mwenyewe," akasema. "Anaitwa Anselmi."

"Kakuletea nguo?"

"Bado. Lakini nimeiona stoo yake. Katoni mpaka darini."

Kuruthumu akayatazama majani mikononi mwake, kisha akayamwaga uani. "Basi ndiye," akasema.